Wa Nne Kwenye Akiba

Jumatano, saa kumi na dakika kumi alasiri, mashine ya gemu iliyokaa miaka saba chini ya kitanda iliwaka. Fundi alikuwa amebadilisha fyuzi na kuipulizia vumbi. Aliiunganisha na TV ya zamani ya chogo iliyokuwa juu ya meza mlangoni pa karakana yake, kisha akageuza kioo kiwaelekee waliokaa nje. Nje palikuwa na benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja umefungwa kwa waya wa shaba. Alikuwapo Refa, mshona nguo wa mlango wa pili, aliyepewa jina hilo kwa sababu huamua hata ugomvi ambao hakuna aliyempelekea. Alikuwapo Breki, dereva wa lori, aliye likizo wiki ya pili na tayari amechoka kupumzika. Dada Birika, muuza kahawa, alikaa kwenye kigoda chake, macho kwenye vikombe, masikio kwenye maneno ya wenzake. Hao, pamoja na Fundi, ndio wenyeji wa kijiwe. Zamani walikuwa wanane.

— Hiyo sasa ndiyo mashine, alisema Breki. Siyo hizi za siku hizi. Hizi unawasha, inakwambia subiri nijisasishe. Unakaa na padi mkononi kama mtu anayengoja majibu ya daktari.

— Za zamani zilikuwa na haki, alisema Refa. Ukifungwa, umefungwa. Hakuna cha kusema mtandao umekatika.

— Haki gani, Refa? Ile gemu ya magari umeisahau? Unamwacha mtu nyuma, humwoni hata kwenye kioo, kona ya mwisho unamkuta yuko mbele yako. Mimi naendesha lori mwaka wa kumi na tisa huu. Sijaona gari la kufanya hivyo.

— Labda alipita njia ya mkato, alisema Dada Birika.

— Dada, barabara yenyewe ilikuwa duara!

Fundi alicheka bila kugeuka. Alikuwa anakaza skrubu ya mwisho. Mchana kutwa alikuwa anacheka kwa mdomo tu. Ndani ya droo ya meza ileile kulikuwa na karatasi iliyopigwa chapa, na Fundi alitakiwa kuitia sahihi mbele ya karani wa mahakama kesho yake asubuhi.

— Mimi nitawaambia kitu, alisema Refa, akashusha sauti. Zile mashine zilikuwa zinatusoma. Ukipenda kupiga penalti kulia, wiki ya pili golikipa anakungoja kulia.

— Na wewe ulikuwa unapiga wapi?

— Kulia.

— Siku zote?

— Siku zote.

— Basi golikipa hakusoma chochote, ndugu yangu. Alikuwa na macho tu.

Dada Birika alimimina kahawa huku mabega yakimtikisika. Refa alipokea kikombe chake kama mtu aliyeonewa. Breki aliona zamu ni yake.

— Tuache mzaha. Mmewahi kuwaangalia watazamaji? Wale wa jukwaani, kwenye gemu ya mpira? Ukisimamisha mchezo, kila kitu kinaganda. Mpira hewani, refa na filimbi mdomoni. Lakini pale juu, upande wa kushoto, kuna mmoja hagandi. Anaendelea kupunga mkono.

— Unatia chumvi.

— Muulize Fundi.

— Ni kosa la picha, alisema Fundi. CD ikichubuka, sehemu moja ya picha inacheza peke yake.

— Haya, hilo ni la picha, alisema Dada Birika. Na la sauti je? Wakati ule Nahodha akishazima mashine, ninyi mmeondoka, mimi nabaki naosha vikombe. Nilikuwa nawasikia wanashangilia. Kwa mbali, kama uwanja uko mtaa wa pili. Sikuwaambia kwa sababu mngenicheka.

— Hiyo ni trafo inapoa, alisema Fundi. Inavuma.

— Trafo inaimba jina la mtu?

— Jina gani?

Dada Birika alifuta kikombe ambacho kilikuwa kimekwisha kufutwa.

— Sikulishika vizuri, alisema.

Breki aliomba sukari, na Fundi akaingiza CD.

Mashine ilikuwa ya Nahodha, kaka mkubwa wa Fundi. Kwa miaka mingi ndugu hao wawili walifanya kazi karakana moja, na kazi ikipungua walicheza gemu ya mpira kwenye meza hiyohiyo huku benchi zima likiangalia. CD yenyewe ilikuwa ya lugha ya kigeni, maandishi yake vijumba na vimstari, na hakuna mtu kijiweni aliyejua kusoma hata herufi moja. Walijifunza kwa mkono. Chini mara tatu, duara, hapo unachagua timu. Juu mara moja, pembetatu, hapo unabadilisha jezi. Ukikosea hatua moja unajikuta mahali pengine kabisa, unazima unaanza upya. Sehemu moja tu iliruhusu herufi za kawaida, nayo ni ile ya kuandika majina ya wachezaji. Nahodha aliitumia. Alitengeneza timu iitwayo KIJIWE na kuwaingiza wote wanane wa benchini. Nafasi zilizobaki aliwaachia wachezaji waliokuja na gemu yenyewe, wenye majina yasiyosomeka, ambao kijiwe kiliwaita wageni. Dada Birika alikuwa golikipa, urefu mita mbili. Refa alipewa beki na mbio za mtu anayetafuta kiatu, jambo ambalo hajalisamehe hadi leo.

Kisha alifariki Mzee wa Saa, aliyekuwa akitengeneza saa kwenye kona. Nahodha alitoka mazikoni, akakaa, akawasha mashine kabla ya kuvua koti. Wote walimwona akimtoa Mzee wa Saa uwanjani na kumpeleka kwenye safu ya chini, ya wachezaji wa akiba. “Hatacheza tena,” alisema, “lakini hatumfuti.” Kuanzia siku hiyo, pale kijiweni mtu hakufa. Alikaa akiba. Neno likazoeleka hadi likawatia aibu: Dada Birika aliwahi kumwambia mteja mgeni kwamba shangazi yake amekaa akiba, na yule mteja akampongeza shangazi kwa kuwa mwangalifu na pesa.

Kumhamisha mtu akiba ilikuwa kazi ya hatua kumi na moja kwenye ukurasa usiosomeka. Waliozijua hatua hizo ni wawili: Nahodha, na Fundi aliyekaa pembeni yake.

Baadaye Nahodha mwenyewe aliondoka. Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, miaka saba na miezi miwili iliyopita. Alisema anakwenda kumfungia mteja antena, akachukua bisibisi mbili na waya. Mteja alisema hakufika. Hospitali, polisi, stendi, kote walikwenda. Mkewe aliifunga mashine kwenye shuka, akaisukuma chini ya kitanda, akangoja. Sasa kuna mwalimu wa chuo cha ufundi amemposa, naye amekubali, ila mahakama, kabla ya kumhesabu Nahodha amekufa, inataka ndugu wa mume aape kwamba hajapata habari zake. Hiyo ndiyo karatasi iliyokuwa kwenye droo. Asubuhi ya Jumatano hiyo shemeji aliileta pamoja na mashine. Alisema anahamisha vitu, Fundi aangalie kama bado inafaa.

— Fungua timu yetu, alisema Breki. Nataka kuona Refa anavyokimbia.

— Fungua, alisema Refa. Na huyo aliyenipa mbio zile akirudi ana kesi.

Vidole vya Fundi vilikumbuka vyenyewe. Kadi ya kumbukumbu ilisomwa. Jina KIJIWE lilitokea, kisha uwanja wa kijani na majina juu yake. BIRIKA golini. REFA. BREKI. FUNDI. Wengine wote walikuwa wageni.

— Mbona wageni wamejaa? aliuliza Breki. Jina la Bonge liko wapi? Bonge alikuwa mshambuliaji.

Fundi alishuka kwenye safu ya chini. Alitarajia jina moja. Yalikuwa manne, moja chini ya jingine.

MZEE WA SAA.

MPIGA PICHA.

BONGE.

NAHODHA.

Mtu alipita na mkokoteni wa maji, gurudumu likilia, akasalimia, hakujibiwa.

— Ngoja, alisema Refa. Mpiga Picha amekaa akiba lini?

— Miaka minne iliyopita, alisema Dada Birika. Bonge mwaka jana, mwezi wa tano. Nilipika mimi kwenye msiba wake.

— Na Nahodha ameondoka miaka saba.

— Saba na miezi miwili, alisema Fundi.

— Sasa Bonge amepelekwaje akiba na mtu aliyeondoka akimwacha anatafuna karanga hapa?

Breki alikohoa. Alitoa maelezo ya mtu mzima: gemu zile zina umri, wachezaji huzeeka na kustaafu peke yao. Fundi alitikisa kichwa. Wanazeeka mchezo ukichezwa, alisema, na mashine hii ilikuwa na fyuzi iliyoungua. Hata ingechomekwa isingewaka.

— Basi ilitolewa kadi tu, alisema Refa. Kadi inatumika mashine yoyote. Nahodha yu hai, wapendwa. Ana ufunguo wa nyumba yake. Shemeji yako akienda kazini, yeye anaingia, anachukua kadi, anaandika, anarudisha. Anajua nani kafa. Maana yake anatuona. Amekaa mahali anatuangalia, pengine hata sasa hivi.

Bila kupanga, wale watatu waliokaa nje waliangalia ng'ambo ya barabara. Palikuwa na duka la vioo limefungwa, na ndani ya vioo vyake benchi lao na wao wenyewe, wadogo.

— Kadi haikutolewa, alisema Fundi.

— Umejuaje?

— Nimeitoa mimi leo. Vumbi lilikuwa limeganda kwenye mdomo wa tundu, mzima, kama lakiri. Nililikwangua kwa bisibisi ndogo. Ingekuwa imetolewa, ningeona.

— Basi ni wewe, alisema Refa.

— Mimi?

— Hatua kumi na moja wanazijua watu wawili. Mmoja hayupo. Mimi nafuata hesabu tu, usinikunjie uso.

— Refa, mashine imefika hapa saa tatu asubuhi mbele yako. Ulikuwa unanidai mkasi wako.

Refa alikiri kwamba ni kweli. Mkasi ulikuwa mezani.

— Mimi naona hivi, alisema Dada Birika polepole. Hajaingia nyumbani, wala hajatoa kadi. Yuko humo. Mnaangalia majina, hamwangalii mpangilio. Wa kwanza Mzee wa Saa, kisha Mpiga Picha, kisha Bonge. Kila mtu kwa siku yake. Yeye alikuwa anawapokea. Sasa amechoka, naye kakaa.

— Acha hayo, dada, alisema Breki.

— Ninyi mmesema yenu nikawasikiliza.

Fundi alifungua droo, akatoa karatasi, akampa Refa. Hakueleza kwa nini. Refa alivaa miwani na kusoma kwa sauti ile anayosomea vipimo vya suti: kwamba mwapaji ni mdogo wa mtajwa, kwamba kwa muda wa miaka saba yeye na jamaa wengine hawakumwona mtajwa, hawakumsikia, wala hawakupokea habari zake kwa njia yoyote.

— Kwa njia yoyote, alirudia Refa.

— Ndiyo hapo, alisema Fundi. Hii si njia?

— Kama ni njia, habari yenyewe inasemaje?

— Inasema nimhesabu amekufa.

— Basi tia sahihi.

— Kama amenitumia habari, hajafa. Nikiapa sikupata habari, nimeapa uongo, na nimemwoza mke wa kaka yangu huku mwenyewe akiwa hai. Nisipoapa, yule mama wa watu anakaa tena miaka mingine anangoja jina lililo kwenye TV.

Breki alisema mambo kama hayo ndiyo yanayomfanya apende lori.

Shemeji alifika saa kumi na moja kasoro dakika kumi, bado na sare ya kiwanda, kitambaa cha kichwa mkononi. Alisalimia mmoja mmoja. Alikataa kahawa. Alisema amepita tu kumkumbusha shemeji yake kwamba karani anaingia saa tatu, na asichelewe kama anavyochelewesha redio za watu. Kisha aliona kioo.

Hakuwahi kucheza gemu hiyo. Ilikuwa ya mume wake na benchi lake, naye alikuwa na kazi zake. Lakini neno la kijiweni alilijua, kwa kuwa nyumbani pia lilitumika. Alisogea, akainama, akapitisha kidole juu ya kioo bila kukigusa, jina baada ya jina. Fundi alimweleza kwa maneno machache: nani alimhamisha Mzee wa Saa, wengine walikufa lini, kadi ilikuwa wapi, vumbi. Shemeji alisikiliza hadi mwisho.

— Nimeelewa, alisema. Mtu akifa, Nahodha anamhamisha. Sasa huyu wa nne, nani aliyemhamisha?

Refa alifungua mdomo. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Breki aliangalia viatu vyake. Dada Birika aliinua birika ili apate cha kufanya. Lilitoa matone mawili na kuacha. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Fundi alifikiri kwamba shemeji atalia. Hakulia. Alivuta kigoda cha mteja akakaa mbele ya TV, magoti pamoja.

— Hizo hatua bado unazijua, shemeji?

— Nazijua.

— Mrudishe.

— Uwanjani?

— Mahali pake. Nimekaa miaka saba sijui niwe mke au mjane, kila mtu ananipa la kwake. Mrudishe mbele ya hawa. Akibaki hapo hadi kesho asubuhi, nitamwambia mwalimu wa watu asinisubiri, na mimi nitaendelea kumngoja mume wangu. Akiwa ameshuka tena, basi ameomba mwenyewe. Utatia sahihi.

— Shemeji, hii ni kadi ya gemu.

— Polisi je, walinipa nini kilichozidi kadi?

Fundi alishika padi. Chini mara mbili, pembetatu, kulia mara mbili. Refa alihesabu hatua kwa midomo. Hatua ya kumi na moja mgeni mmoja alishuka, na NAHODHA akapanda katikati ya uwanja, namba kumi, kati ya BREKI na FUNDI. Fundi alihifadhi. Alizima mashine, akawasha, akafungua timu upya ili wote waone. Uwanjani watano wa kijiwe. Akiba, watatu. Shemeji alimwambia arudie. Alirudia. Ilikuwa vilevile.

— Nani anakaa na kadi? aliuliza Breki.

— Si mimi, alisema Refa upesi mno.

Fundi aliichomoa, akaiweka kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo. Nyumbani alikula nayo na kulala nayo. Mkewe alimuuliza kwa nini analala na shati la kazi, akamjibu kuna baridi. Hakukuwa na baridi.

Alhamisi, saa mbili na dakika tano asubuhi, walikuwa wote. Breki hakuhitajiwa kuamka mapema lakini alikuwa wa kwanza. Dada Birika alikuja na birika lililojaa na hakuna aliyemwomba kikombe. Shemeji alivaa gauni la kutokea. Kifungo cha mfuko kilikuwa kimefungwa. Fundi aliwaonyesha kabla ya kukifungua. Alichomeka kadi. Mashine ilisoma. Uwanja ulitokea.

Waliokuwa uwanjani wa kijiwe ni wanne. Namba kumi alikuwa mgeni.

Fundi alishuka kwenye safu ya chini. Mzee wa Saa, Mpiga Picha, Bonge. Wa nne alikuwa Nahodha.

— Kadi za zamani zina tabia hiyo, alisema Breki. Zinakubali, halafu usiku...

Refa alikuwa ameshika kofia mkononi.

Shemeji aliyahesabu majina kwa kidole, kutoka juu hadi chini. Alifika la nne na kuacha kidole hapo muda kidogo.

— Haya, alisema. Akafunga kitambaa chake kichwani.

Walikwenda mahakamani wawili, kwa miguu. Karani aliwasomea hati yote. Alipofika kwenye maneno “kwa njia yoyote,” Fundi alimwomba arudie, naye akarudia. Kisha karani akauliza kama yote yaliyosomwa ni kweli. Fundi alimtazama shemeji yake, na shemeji alikuwa anatazama dirishani.

Saa nne kasoro dakika tano, Fundi alitia sahihi. Karani aligonga muhuri na kuandika tarehe.